Mjamzito nakatazwa mayai, udongo naletewa kwa mfuko. Nisaidieni kabla sijagombana na mama mkwe

#1 BintiTabata
Habari za jioni wanajamvi. Ujauzito wangu umeingia mwezi wa nne, wa kwanza huu. Mama mkwe amekuja kutoka Kondoa kunisaidia, na kwa kweli ananihudumia. Sifui, sipiki, sina la kulalamika. Shida ni sahani. Mayai marufuku, mtoto atazaliwa kipara. Nanasi marufuku, mimba itatoka. Maini kila siku ya Mungu ili niongeze damu. Na juzi kanunua udongo wa Pemba sokoni, umefungwa vizuri kwenye kimfuko, eti ukatize kichefuchefu.

Kliniki somo la lishe lilitolewa, ila tulijaa kwenye mabenchi na kila mtu anawaza foleni ya vipimo. Nimetoka na FEFO (vidonge vya madini chuma na foliki asidi) na kadi, maswali nimerudi nayo nyumbani.

Ninavyovitamani mimi: kachumbari, soseji za kukaanga za pale kituoni, mtindi, kahawa. Mume wangu yeye anasema kula unachojisikia. Naomba wenye ujuzi waniambie kipi niache na kwa nini. Jibu la "usile tu" nimeshalipata nyumbani.

#2 ChaliiWaMoshi
Kula kila kitu dada. Bibi zetu walikula kila kitu na sisi hapa hatuna tatizo. Kuogopa chakula ni mambo ya wazungu.

#3 NesiMstaafu
Chalii, bibi zetu walizika watoto pia, tena wengi, ila waliozikwa hawaji humu kuchangia. Tuendelee.

BintiTabata hongera mwanangu. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto mpaka nimestaafu, na nilichokiona ni kwamba makatazo mengi ya nyumbani yanaangukia chakula kizuri. Vitu vyenye hatari kweli havina anayevikataza. Orodha yako ni ushahidi.

Naanza na udongo kwa sababu ndio unaonitisha. Kwanza unashikana na madini chuma humo humo tumboni, kwa hiyo FEFO unayomeza inapita bila mwili kuifaidi. Unakula udongo kwa sababu damu iko chini, na udongo unazidi kuishusha. Pili, mayai ya minyoo. Ukiwa na minyoo wanaonyonya damu, wewe ni mtu unayenyonywa huku unajiongezea damu. Tatu, madini mazito. Kuna watafiti walipima udongo unaoliwa na wajawazito maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita, matokeo yalichapishwa 2014, na aseniki ilikutwa humo. Muuzaji wa sokoni hajui udongo wake umechimbwa wapi na hana kipimo. Kuuoka kunaweza kuua mayai ya minyoo, ila madini hayaondoki kwa moto.

Sasa sikiliza: ukiona unautamani sana, usione aibu, mwambie nesi akupime wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita hiyo ni upungufu. Hali kadhalika wanaotafuna mchele mbichi na wanaokula barafu kutwa. Mara nyingi ni damu inayolia.

Mayai hayana uhusiano wowote na nywele za mtoto. Kula, hata kila siku, ila kiini kigande kabisa. Chips mayai zinazoteleza rudisha kwa muuzaji aigeuze tena, na usimwonee haya, hela ni yako.

#4 MamaPacha
Nesi hapo kwenye mayai, kwetu Singida sababu ilikuwa nyingine: mtoto atakuwa mkubwa, kujifungua kutakuwa shida. Shangazi yangu alikuwa anatuambia tule kidogo kuanzia mwezi wa saba.

#5 NesiMstaafu
MamaPacha hiyo naifahamu na wala siicheki. Mahali ambapo hospitali yenye upasuaji iko mwendo wa siku nzima, mwanamke akiogopa mtoto mkubwa ana haki ya kuogopa. Lakini kujinyima hakupanui nyonga. Kunakuacha huna damu, na asiye na damu akivuja damu kidogo tu wakati wa kujifungua anaweza kufariki. Hicho ndicho nilichokiona wodini.

#6 Kapuku_Mbagala
Soseji tu mjibuni, na mimi mke wangu anazipenda. Si zimeshapikwa kiwandani?

#7 MkaguziWaChakula
Kapuku, hapo kwenye "zimeshapikwa kiwandani" ndipo penye mtego. Naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Kuna bakteria anaitwa listeria. Wengi wa ndugu zake wanalala kwenye baridi, yeye anaendelea kuzaliana ndani ya friji. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumla na akaharisha tu, au asijue. Mjamzito anapata homa na mwili kuuma, anafikiri malaria au mafua, kumbe bakteria amevuka kondo la nyuma kamfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa amekufa au na maambukizi ya damu. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku 70 tangu siku ya kula, kwa hiyo hakuna anayekumbuka soseji ya mwezi juzi.

Afrika Kusini walilipia somo hili. Kuanzia 2017 hadi 2018 walithibitisha wagonjwa 1,060, na 216 walikufa. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28. Serikali ilitangaza mlipuko Desemba 2017, na Machi 2018 ndipo walipotaja chanzo: polony, ile soseji nene ya kukata vipande, kutoka kiwanda cha Polokwane. Kitu ambacho watu wanakata na kuweka kwenye mkate bila kupasha. Nchi jirani zikaanza kuziondoa nyama hizo madukani. Polony hiyo ilikuwa imepikwa vizuri tu. Uchafuzi uliingia baada ya kupikwa, kabla ya kufungashwa.

Kwa hiyo mke wako soseji ale, ila zitoke kwenye mafuta zimeiva mpaka katikati, zinatoa moshi, azile hapo hapo. Zile zilizokaangwa asubuhi zikakaa kwenye kile kisanduku cha kioo chenye taa hadi saa kumi jioni, zimwache. Taa ile inapasha joto la kuwafurahisha bakteria. Na hotdog ya baridi, sandwichi ya polony au ham ya kwenye semina, apishe.

#8 ChaliiWaMoshi
Aisee. Mimi semina nafuata sandwichi tu.

#9 DiasporaLeeds
Naomba niingie kwenye maini maana huku Uingereza nilishtuka. Nilipopata mimba mkunga aliniambia maini niache kabisa, na mama yangu akipiga simu kutoka Tanga swali la kwanza ni "umekula maini?"

Sababu ni vitamini A. Ile ya karoti na mchicha mwili unaigeuza kwa kadiri unavyohitaji, haikudhuru. Ya maini ipo tayari, na ikizidi sana hasa miezi mitatu ya mwanzo inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Shirika la Afya Duniani kwenye vidonge linaweka mpaka wa yuniti 10,000 kwa siku, yaani mikrogramu 3,000. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zinavuka kiwango hicho zaidi ya mara mbili. Ya kuku ni nafuu kidogo ila nayo yanavuka.

Na udongo pia, huku mamlaka ya chakula ilishawaonya wajawazito dhidi ya ule udongo wa Afrika Magharibi unaouzwa madukani, kwa ajili ya madini ya risasi.

#10 NesiMstaafu
DiasporaLeeds uko sahihi kwenye hesabu, lakini tusihamishe ushauri kama ulivyo. Huko mkunga anaongea na mtu anayepata nyama, maziwa na pengine vidonge vyenye vitamini A juu yake. Huku naongea na mama ambaye damu yake ni 8 na hajala nyama wiki mbili. Zaidi ya nusu ya wajawazito wetu walikutwa na upungufu wa damu kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015-16. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki kwa mama huyo sitamkataza, hasa akishavuka miezi mitatu.

Ila BintiTabata, kila siku hapana. Hilo mwambie mama mkwe lisimame leo. Na kama umenunua dawa za lishe duka la dawa, soma kopo. Likiwa na "retinol", yaani hiyo vitamini A, au mafuta ya ini la samaki, weka kando ulete kliniki lionekane.

Na kwa walionunua foliki asidi ya miligramu 5 mtaani: ile kubwa inapunguza nguvu ya SP mnayomezeshwa kliniki kuzuia malaria. Iliyomo kwenye FEFO inatosha, isipokuwa daktari mwenyewe amekuandikia kwa sababu maalumu.

#11 Kapuku_Mbagala
Wataalamu mnatutisha sasa. Mayai yagande, soseji zitoe moshi, maini wiki. Mtu wa kawaida anaishi chumba kimoja, hana friji, na umeme ukikatika hata mwenye friji hana. Mke wangu ale nini?

#12 MamaPacha
Kapuku, asiye na friji ana nafuu moja: anapika na kula siku hiyo hiyo. Mimi nilipokuwa na pacha nilikula dagaa, maharage, matembele na chungwa la baada ya chakula. Yai nilipopata. Sikununua kitu cha supamaketi.

#13 NesiMstaafu
MamaPacha amemaliza. Naongeza tu kuhusu chungwa: si pambo. Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani kinaingia mwilini kwa shida, na vitamini C ya chungwa, ndimu au pera inakifungulia mlango. Chai inafanya kinyume, inakizuia. Nyie mnaomeza FEFO kwa chai ya rangi mnanikatisha tamaa. Maji, halafu chai baada ya saa moja au zaidi.

#14 KibibiWaMombasa
Salaam wenzangu. Samaki hamjamgusa na sisi Pwani ndiye chakula. Huku kwetu mja mzito hanyimwi samaki, Alhamdulillah, ila kuna samaki na samaki. Papa, nduaro na wale jodari wakubwa wanakaa miaka mingi baharini wakila wenzao, na zebaki ya kila waliyemla inabaki mwilini mwao. Zebaki hiyo inaathiri ubongo wa mtoto unaojengeka. Haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, kwa hivyo papa mkavu ni yule yule.

Changu, tasi, vibua, dagaa, hawa kula mara mbili tatu kwa wiki bila wasiwasi. Mafuta yao yanajenga ubongo na macho ya mtoto. Dagaa ukimla na mifupa umepata na kalsiamu. Ila waliotandazwa mchangani waosheni mpaka maji yawe meupe, na wapikwe, si kutafunwa wakavu.

#15 Sato_Mwanza
Na sisi wa ziwani?

#16 KibibiWaMombasa
Sato kula mwanangu. Sangara mkubwa sana usimfanye wa kila siku, kanuni ni ile ile ya mla wenzake.

#17 MfugajiRungwe
Kwenye maziwa niacheni mimi. Nafuga na nauza. Ng'ombe akitupa mimba zizini, sisi wenyewe nyumbani hatunywi maziwa yake mpaka daktari wa mifugo aje, kwa sababu mojawapo ya magonjwa yanayotupisha mimba ng'ombe ni brusela, na brusela inaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi. Kwa mjamzito inaweza kufanya kile kile ilichomfanyia ng'ombe. Kuna na kifua kikuu cha ng'ombe.

Sasa mtu anakuja anasema maziwa mabichi yana nguvu. Nguvu gani? Chemsha mpaka yafure, yashushe, yaache yafure tena. Mtindi nao uliza umetengenezwaje. Uliogandishwa na maziwa yaliyochemshwa kwanza, sawa. Ule wa kibuyu ulioachwa ugande wenyewe kutoka mabichi, mjamzito aache. Kuwa mchachu hakumaanishi vijidudu vimekufa. Wa pakiti ulioandikwa kwamba maziwa yamepasteurishwa hauna neno, akae nao kwenye ubaridi tu.

#18 MwlDodoma
Kuna kitu hakijatajwa na kinaniumiza kwa sababu nilikuwa hapa 2016. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka na karanga. Mwaka ule Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, 20 wakafa, kwa mahindi yao wenyewe waliyolima na kuyahifadhi ndani. Kenya ilikuwa kubwa zaidi 2004, wagonjwa 317 na vifo 125, Makueni na Kitui huko.

Hao ni waliokufa kwa dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haiui papo hapo, inapita kwenye damu ya mama hadi kwa mtoto, na inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Na sasa angalieni wajawazito wetu wanapewa nini: unga wa lishe. Mahindi, karanga, ulezi, soya, vinasagwa pamoja, vinakaa kwenye ndoo miezi mitatu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu. Karanga zilizovunjika, zilizonyauka, zenye ukungu, ambazo huwezi kuziuza kwa kutafuna, ndizo zinazopelekwa mashine. Ukisaga hakuna anayeziona. Na kupika hakuitoi hiyo sumu.

Kama mnapenda uji, sageni nafaka moja au mbili, kidogo kidogo, mchambue kwa mkono kwanza. Karanga zisagwe peke yake nyumbani na zitiwe kwenye uji ukiwa jikoni. Karanga yenye ladha chungu tema.

#19 BintiTabata
Mwalimu umenivunja moyo, ndoo ya unga wa lishe ninayo, nimeletewa kutoka Kondoa. Kachumbari je? Na nanasi?

#20 NesiMstaafu
Nanasi lililoiva kula kwa kiasi unachokula siku zote. Kile kimeng'enya wanachosema kinatoa mimba kimejaa zaidi kwenye kikonyo cha kati ambacho hakuna anayekila. Papai lililoiva ni zuri mno, linalainisha choo. Papai bichi lenye utomvu ndilo uliache, kwa panya wa maabara utomvu ule ulibana mji wa mimba. Wanawake wanaopika papai bichi kama mboga wabadilishe kwa miezi hii.

#21 MkaguziWaChakula
Kachumbari: tatizo ni maji na kisu. Nyanya na kitunguu vioshwe kwa maji yanayotiririka, safi ya kunywa, kila kimoja peke yake, kabla ya kukata. Ubao uliokata kuku usikate nyanya. Ndimu na chumvi zinapendezesha, haziui kila kitu. Ukiitengeneza nyumbani hivyo, kula. Ya genge, iliyokaa kwenye ndoo na maji yake tangu saa nne, acha. Barafu kwenye juisi ya miwa ndiyo hiyo hiyo, hujui maji yake.

Mnaosema ni kuhara tu, kumbukeni homa ya ini aina ya E. Inaingia kwa maji yenye kinyesi. Wengine wanaugua na kupona, lakini mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho akiipata, Shirika la Afya Duniani linasema vifo vinafika asilimia 20 hadi 25. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ililipuka kuanzia 2007 kwenye kambi, wakaugua zaidi ya watu elfu kumi, na walioumia zaidi walikuwa wajawazito na watoto wadogo.

Kwa paka: kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazima, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, na nyama isiyoiva pia. Mtu mwingine asafishe, na ukishika udongo wa bustani vaa glavu au nawa kwa sabuni.

#22 DiasporaLeeds
Kahawa haijajibiwa. Huku mpaka ni miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuyeyusha ni kama 100, cha chai kama 75. Vinywaji vya kuongeza nguvu acha kabisa. Pombe ni sifuri, hata ile "kidogo ya kuongeza damu" ambayo huwa naisikia.

#23 BiMkubwa_Kariakoo
Nimewasoma wote. Binti, kuhusu mama mkwe. Usimwambie "mtandaoni wamesema". Utakuwa umemuweka upande mmoja na wageni upande mwingine. Hudhurio lijalo mwambie, mama nisindikize kliniki, naogopa peke yangu. Kaa naye kwenye benchi, na wewe ndiye uulize mbele ya nesi: maini kila siku sawa? udongo sawa? Akijibiwa na nesi mwenyewe atarudi nyumbani akiwa mwalimu wa mtaa mzima, na kesho yake atakukaripia wewe kwa kutokula yai. Wanangu wawili waliozaa nilifanyiwa hivyo hivyo na wake zao, na nililijua tangu mwanzo.

#24 BintiTabata
😂😂 Bi Mkubwa asante, hudhurio ni wiki ijayo, nitampeleka. Nimeshamwambia maini yamenikinai, amekubali tubadilishe na dagaa. Udongo bado uko kabatini.

La mwisho. Jumamosi kuna harusi ya wifi, chakula cha bufee. Siwezi kwenda na kontena langu mbele ya wakwe.

#25 MkaguziWaChakula
Ingia foleni mapema, sahani zikiwa zimefunuliwa sasa hivi. Chukua pilau inayotoa moshi, maharage, nyama ya mchuzi iliyochemka. Nyama choma chukua vipande vyembamba, pasua katikati kabla hujala. Ikiwa nyekundu mpe mume wako. Kuku aliyepoa, kachumbari na saladi yenye mayonaizi pita navyo mbali. Ndizi na tikiti: ndizi ya kumenya mwenyewe ndiyo salama zaidi, tikiti lililokatwa tangu mchana liache. Wakikupa cha kubeba nyumbani usiku, kigawe kwa walioko pale. Wali uliokaa nje kwa muda wa saa tano au sita unaweza kujaa sumu ambayo kupasha asubuhi hakuiondoi.

#26 ChaliiWaMoshi
Harusi ni wapi? Mimi hicho cha kubeba nakuja kukichukua.